Kabla hujawapiga watu skrinshoti

(Jumamosi niliongea na wanafunzi wanaoandika tasnifu, ukumbi mdogo hapa Wandegeya, Kampala, umeme ukaenda mara mbili. Wachache walinirekodi kwa simu wakaniomba niiweke kwa maandishi. Nimeandika kama nilivyoongea, nimetoa tu zile "eeeh" na pale nilipopoteza karatasi.)

Haya, hamjambo nyote. Wazee wetu mlioketi mbele nawaamkia kwa heshima. Mwalimu aliyenialika amesema niongee Kiswahili, na naona wengine mmeshaanza kutoa jasho, najua, wazazi wenu Kiswahili walikisikia kwenye kizuizi cha barabarani, mtu mwenye bunduki anasema simama, toa kitambulisho. Mimi nimekulia Busia pale mpakani, kwetu Kiswahili ni lugha ya kuuzia nyanya, kwa hiyo tulieni, leo hakuna wa kuombwa kitambulisho. Ingawa hilo neno kitambulisho tutalirudia, ndiyo maana nimelitaja mapema.

Nimeambiwa niongee kuhusu mbinu za kutafiti wanaharakati wa mtandaoni. Naanza na kosa langu mwenyewe, maana nikianza na nadharia mtalala.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nafuatilia kikundi cha akina dada waliokuwa wanapigia kelele mambo ya afya wilayani kwao, kituo hakina dawa, mjamzito anaambiwa aje na glovu zake, mambo mnayoyajua. Walikuwa wanaposti wazi kabisa, kila mtu anaona. Mmoja akaandika sentensi moja ya Kiganda imechanganywa na Kiingereza, sentensi tamu, hasira na kichekesho humo humo, ile ukiisoma unasema hii lazima iingie kwenye ripoti yangu. Nikaiingiza. Jina nikaondoa nikamwita Mshiriki wa Saba, wilaya nikaifuta, umri nikaubadilisha, nikajiona malaika. Siku tumekaa kantini na mwenzangu anaisoma rasimu, akachukua simu, akaiandika ile sentensi nzima kwenye Google, akabonyeza. Chai yake bado inatoa moshi. Akaunti ikatokea, na picha ya wasifu, na jina la ukoo, na mahali anapofanya kazi, na mtoto wake amevaa yunifomu ya shule inayosomeka kabisa. Mwenzangu hakusema kitu, alinigeuzia simu tu nione.

Ile rasimu ilikuwa imeshatumwa kwa watu wanne kwa imeili.

Sasa mtasema, lakini si alipost wazi? Si ni ya umma? Hapo ndipo wengi wetu tunajificha, tunasema ya umma ni ya umma. Mimi nauliza hivi, umepanda teksi, yaani daladala yetu, pale Old Taxi Park, kiti cha nyuma kuna mama anagombana na mume wake kwenye simu, teksi nzima inasikia, na hakuna aliyesema ni siri. Ila ukishuka ukaenda redioni ukayarudia maneno yake yale yale, ukataja alikuwa kiti gani na alishukia Mukono saa ngapi, huyo mama atasema umemtendea nini? Yeye aliongea mbele ya watu kumi na wanne waliobanana, hakuongea na nchi. Wanaharakati wa mtandaoni wako hivyo hivyo. Anaposti akijua wanaomsoma ni wale mia mbili anaowafahamu, na labda anajua pia kuna jicho la serikali linapita pita, amelipima hilo. Wewe hakukupima. Wewe unaiokota sentensi yake unaihamishia kwenye tasnifu itakayokaa kwenye wavuti wa maktaba miaka ishirini, wakati yeye posti yake labda keshaifuta mwezi ujao.

Na hapa kwetu posti siyo mchezo. Stella Nyanzi mnamjua wote, naye kabla ya yote ni mtafiti, ni mwanaanthropolojia wa mambo ya afya. Agosti 2019 alihukumiwa miezi 18 kwa shairi aliloposti Facebook, akakaa gereza la Luzira mpaka Mahakama Kuu ilipomtoa Februari 2020. Sheria yenyewe ni ile ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2011, wakaifanyia marekebisho 2022, na Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikakitupa nje kile kifungu cha 25 cha mawasiliano ya kukera. Kifungu kimoja kilitoka, vingine vikabaki. Kwa hiyo unapokaa na laptopu yako unakusanya maneno ya watu wenye hasira na viongozi, wewe unatengeneza faili. Tena faili zuri kuliko la polisi, maana umelipanga kwa tarehe, umeweka mada, umeandika pembeni nani anaongoza na nani anafuata. Mpelelezi angelipwa mshahara kwa kazi hiyo, wewe unamfanyia bure.

Kwangu mimi, kwa hiyo, mbinu na usalama siyo sura mbili za tasnifu, ile mbinu kwenye sura ya tatu na maadili kwenye kiambatisho, hapana. Namna unavyokusanya ndiyo hiyo hiyo namna unavyomlinda au unavyomuuza mtu. Nitawaonyesha kwa mifano, msiandike sana, sikilizeni kwanza.

Tuchukue hashitegi. Wanafunzi wengi mnaanzia hapo kwa sababu ni rahisi, unasema nitakusanya twiti zote za hashitegi fulani, nitazihesabu, nitachora grafu. Aprili 2023 Jimmy Spire Ssentongo, mchora katuni ambaye pia ni mwalimu wa chuo kikuu, aliwaambia watu watoe picha za mashimo ya barabarani, ikawa #KampalaPotholeExhibition, maonyesho ya mashimo. Nchi nzima ikaingia, mtu anavua samaki kwenye shimo, mtu kapanda migomba katikati ya barabara, vichekesho mpaka basi, na haikuchukua muda Rais akaagiza Kampala ipewe shilingi bilioni 6 za kuziba mashimo. Ukitafiti kwa kutafuta maneno, umepata nini hapo? Watu wengi waliweka picha tupu na ile hashitegi basi. Programu yako inayosoma maneno haioni shimo, haioni kwamba yule mtu na ndoano yake anatukana kwa adabu. Halafu picha moja inazunguka mara mia, wengine wanaweka shimo la mwaka juzi, mwingine shimo la nchi nyingine kabisa. Kufanya kazi hiyo vizuri ni kukaa na picha mia mbili, moja moja, unaandika unachokiona, hii barabara gani, nani kasimama, wanacheka nini. Inachosha, mgongo unauma, lakini ndiyo hivyo.

Na bado hashitegi ni dukani mbele tu, pale penye bidhaa zimepangwa. Mabishano ya nani aanze, tuseme nini, tusimtaje nani, fulani ameogopa ametoka, hayo yako WhatsApp. Na WhatsApp hawaandiki sana, wanarekodi. Sauti za dakika nne, tano, kuna mzee mmoja alikuwa anatuma za dakika kumi na moja, Mungu ampe maisha marefu. Kwa hiyo kama mbinu yako ni ya kusoma maandishi tu, nusu ya harakati imekupita sikioni. Mimi huwa nawaambia wanafunzi wangu, mkiandika zile sauti, andikeni na kinachosikika nyuma. Adhana, boda inawashwa, jogoo, mtoto analia. Kinakwambia mtu anafanya uanaharakati saa ngapi na mahali gani, anaufanya akiwa anapika, anaufanya amejificha chooni kazini. Nitalirudia hili la sauti, nina deni nalo.

Halafu kuna wasioongea kabisa. Kila grupu linao, wengi kuliko wanaoongea. Ukihesabu ujumbe utasema hawa hawashiriki. Kwenye grupu moja nililokaa karibu mwaka, kulikuwa na mama hajawahi kuandika neno, hata emoji ya dole gumba hakuwahi. Lakini mchango ukiitishwa, kijana amekamatwa anatafutiwa dhamana, au mtu anapelekewa chakula, huyo mama ndiye wa kwanza kutuma elfu tano kwa mobile money. Kwenye grafu yangu alikuwa sifuri. Nilimgundua kwa sababu mweka hazina wa grupu alinisimulia tu tukiwa tunakula rolex, ile chapati ya mayai, barabarani, si kwa programu yoyote.

Sasa kuhusu mahali. Hili ni la kwetu kabisa na vitabu vya nje havitakwambia. Julai mosi 2018 serikali ilileta kodi ya mitandao, shilingi 200 kwa siku, ile tuliyoiita OTT. Watu walifanya nini? VPN, ile programu inayoficha uko wapi. Bibi yangu hajui VPN ni kifupi cha nini lakini anajua kuiwasha. Kodi ikaondolewa 2021, ikaja asilimia 12 kwenye data. Kabla ya hapo, Januari 2021, Facebook walifuta akaunti za mtandao wa bandia waliosema unahusiana na wizara ya serikali, kesho yake mitandao ikafungwa, tarehe 13 usiku intaneti yote ikazimwa, watu wakapiga kura tarehe 14 gizani, ikarudi tarehe 18. Mitandao ya kijamii ikafunguliwa Februari, isipokuwa Facebook. Tangu hapo, ukitaka Facebook Uganda unapitia VPN. Kwa hiyo mwanafunzi anayechuja akaunti kwa nchi, anasema nataka za Uganda tu, anapata nini? Mtu yuko Ntinda, hapa hapa Kampala, kwenye saluni anasukwa, mashine inasema yuko Uholanzi. Niliwahi kuletewa rasimu, kijana mzuri tu, mwerevu, ameandika kwamba diaspora ndio wanaoendesha mjadala wa siasa za Uganda kwenye Facebook, na ana jedwali. Nikamuuliza, hii diaspora inalalamikia foleni ya Jinja Road saa kumi na mbili jioni, wao wako foleni gani huko Ulaya? Akacheka, halafu akanyamaza, halafu akasema profesa, jedwali nimelifanyia kazi miezi miwili. Pole yake, lakini lilitoka.

Na ile siku intaneti inazimwa, data yako ina shimo. Usilizibe shimo kwa wastani! Lile shimo lenyewe ni data. Siku zile tano watu walirudi kwenye SMS, kupigiana simu, kutuma mtu na boda akaseme. Waulize walifanya nini, ni mahojiano matamu kuliko yote.

SMS... hapo nakumbuka 2007, msitu wa Mabira. Serikali ilitaka kuipa kampuni ya sukari ya Lugazi hekta 7,100 za msitu zilimwe miwa, na watu wakaanza kutumiana SMS, usinunue sukari ya Lugazi, mtumie mwenzako. Aprili mwaka huo kukawa na maandamano Kampala, watu wakafa. Kwangu ile ndiyo harakati ya kwanza ya simu hapa kwetu niliyoiona kwa macho, na ziko wapi zile SMS? Zilikuwa kwenye Nokia, simu ikijaa unafuta, simu ikiibiwa basi. Nilizunguka siku moja nikiuliza wazee wa shughuli ile, nani kabakiza hata moja. Mmoja alikuwa ameinakili kwa kalamu kwenye shajara yake kwa sababu, alisema, ilikuwa na Kiingereza kizuri. Hiyo ndiyo hifadhi yangu yote, mistari miwili ya kalamu ya bluu. Mnaofikiri mtandao hausahau, mtandao wa kwetu unasahau haraka sana.

Na hata unaokumbuka unafungiwa mlango. Zamani kidogo Twitter walikuwa na mlango wa bure wa watafiti, ulifunguliwa 2021, unachota mpaka twiti milioni 10 kwa mwezi. Mwaka 2023 wakaufunga. Kifurushi cha chini cha kulipia mwaka huo kikawa dola 100 kwa mwezi kwa twiti 10,000. Facebook nao walikuwa na CrowdTangle, chombo cha kufuatilia posti za umma, wakaizima Agosti 2024. Mwanafunzi wa Makerere dola 100 kila mwezi angetoa wapi, auze figo? Wengine wenu mmekuja kuniuliza kuhusu programu za kukwangua, za kuchota bila ruhusa. Sitawafundisha, siyo kwa sababu mimi mtakatifu, ila ukikwangua unabeba kila kitu na kila mtu, hata asiyekuhusu, halafu unakaa na mzigo usioweza kuulinda. Chukua kidogo unachoweza kukisoma kwa macho yako. Umaskini wetu hapa umetusaidia, nasema kweli, umeturudisha kwenye kukaa na watu.

Maana namba zinalevya. Machi 2012 ile video ya Kony 2012, ya Wamarekani kuhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100 ndani ya wiki moja, haikuwahi kutokea. Mtafiti wa kuhesabu angesema hii ndiyo harakati kubwa kuliko zote kuhusu Uganda. Mwezi huo huo shirika moja la hapa nchini likafunga skrini uwanjani Lira, kaskazini kulikopigwa na vita ile, watu waliokatwa, waliopoteza watoto, wakaja kwa wingi kuiona. Waliishia kukasirika mpaka mawe yakarushwa. Mtu mmoja mmoja pale uwanjani, ungemuuliza, angekupa tasnifu.

Kuhusu sababu na matokeo nitasema kidogo tu. Februari 2024 mwishoni yalianza maonyesho ya Bunge, #UgandaParliamentExhibition, mwanahabari Agather Atuhaire na Ssentongo na wenzao wakimwaga hati za matumizi ya fedha za Bunge. Aprili 30 Uingereza ikamwekea Spika Anita Among vikwazo. Wanafunzi watatu, watatu! wameniletea sentensi inayosema maonyesho yalisababisha vikwazo. Soma tangazo lenyewe la Uingereza. Lilihusu wizi wa mabati yaliyokuwa ya watu maskini wa Karamoja, na liliwataja pia mawaziri wawili wa zamani, na kashfa ya mabati ilianza mwaka mmoja kabla. Huenda kelele za mtandaoni zilisaidia, huenda hazikusaidia, lakini kitu kutangulia kingine siyo ushahidi, jogoo naye anatangulia jua kila siku.

Sasa kitambulisho, nilisema tutarudi.

Ukiwa kwenye grupu la WhatsApp kuna kitufe cha kutoa mazungumzo yote nje, yanakuja kama faili moja la maandishi. Watafiti tunakipenda kile kitufe. Fungua hilo faili uangalie, kila mstari una tarehe, saa, na jina au namba ya simu. Mwanafunzi ananiambia, mwalimu, majina nimefuta, nimebakiza namba tu nijue nani ni nani. Nikamwambia lete simu yako. Fungua mobile money, weka hiyo namba kana kwamba unatuma shilingi 500. Kabla hajaweka PIN jina likatokea, majina yote mawili. Laini zetu zimesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, ndugu zangu, namba ya simu hapa ndiyo jina lenyewe. Alikaa nalo hilo faili kwenye flashi, flashi iko kwenye mfuko wa suruali, suruali iko kwenye boda. Tukalifuta siku ile, tukaanza upya kwa alama alizobuni mwenyewe, na ile orodha ya alama ipi ni ya nani aliiandika kwenye karatasi moja akaificha kwa mama yake kijijini. Nilimuuliza kwa nini siyo kwenye kompyuta yenye neno la siri, akasema mama hana neno la siri la kusahau wala la kulazimishwa kutoa. Sikuwa na jibu.

Idhini nayo. Mnaenda kwa admini, admini anasema karibu, mnaandika kwenye fomu "idhini imepatikana". Grupu la WhatsApp siku hizi linabeba watu 1,024. Admini amekupa idhini yake yeye, hajakupa ya wale 1,023. Na anayeingia leo hajaona ulichojitambulisha nacho mwezi jana. Mimi nilichofanya, kila Jumatatu asubuhi nilikuwa natuma sauti fupi, mimi ni fulani, bado niko hapa naandika utafiti, asiyetaka maneno yake yatumike anitumie alama ya X faraghani, sitamuuliza sababu. Mwanzoni wakanicheka, wakaniita redio ya Jumatatu. Baadaye ikawa kama desturi, nikichelewa mtu anauliza leo redio imeharibika? Na X zilikuja, siyo chache.

Tena jambo jingine hapo hapo, kuna magrupu yamewekwa ujumbe ufutike wenyewe, baada ya saa 24 au siku 7 au 90. Wakishaweka hivyo wamekwambia kitu. Ukipiga skrinshoti umewajibu kwamba hamna maamuzi. Kwenye grupu la namna hiyo mimi niliweka simu chini, nikawa nasoma, halafu jioni naandika kwa kumbukumbu zangu kama babu zetu walivyosimuliana. Napoteza maneno, najua. Nabaki na maana, na hakuna wa kumfungia mtu kwa maana niliyoandika mimi.

Mambo ya vibali nayapitia haraka kwa sababu mmepewa karatasi. Kamati ya maadili ya chuo kwanza, halafu Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, na anzeni mapema, msilie mwezi wa mwisho. Ila someni pia sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2019, maana maoni ya siasa imeyaweka kundi moja na afya, dini, fedha na maisha ya chumbani, taarifa za pekee. Sasa nyinyi mnachokusanya ni nini kama siyo maoni ya siasa? Kamati nyingi zina fomu zilizotungwa kwa ajili ya kutoa damu, zinakuuliza utahifadhije sampuli kwenye friji. Jaza tu, lakini usidhani ukishagongewa muhuri watu wako wako salama.

Na kuna upande wa pili, nisiwatishe mpaka mfiche kila mtu. Wapo wanaoweka majina yao kwa makusudi, wamelipia hilo jina, wamelala selo kwa ajili ya hilo jina. Huyo ukimwita Mshiriki wa Saba umemuibia. Muulize. "Nikutaje au nisikutaje, na nikikutaja kwa lipi?" Kuna dada alinijibu, nitaje kwenye mambo ya barabara, usinitaje kwenye mambo ya Bunge. Fomu yangu haikuwa na nafasi ya jibu hilo, nikaliandika pembeni kwa mkono.

Nimlipie bando mtu ninayemhoji? Swali zuri, limeulizwa pale nyuma. Unapomhoji mtu kwa video saa nzima unakula bando lake. Mimi hutuma bando kabla, natuma na la ziada, na siliiti malipo.

Sasa deni la sauti. Yule dada wa mwanzo, wa ile sentensi ya kantini, nilimpigia nikamwambia nilichofanya. Alinyamaza, akauliza ni watu wangapi wameiona, nikasema wanne, akasema sawa, nitafute. Tulirudi kufanya kazi pamoja, na safari hii sura nzima nikampelekea kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, nimeichapisha kwa karatasi, nimepanda basi. Ile sentensi yake nilikuwa nimeigeuza Kiswahili, utamu umepungua nusu, lakini Google haikuiona, nilijaribu mara tatu. Sauti zake nilizokuwa nimeziandika nilikuwa najivunia sana, na kila kinachosikika nyuma nimekiweka kwenye mabano kama ninavyowafundisha nyinyi.

Tulikaa kwenye benchi nje ya duka la shemeji yake. Akasoma kurasa kumi na nne, hakugusa kitu. Pale alipomtukana mbunge wake hakugusa. Pale aliposema ameogopa hakugusa. Ukurasa wa kumi na tano akaomba kalamu, akapiga mstari juu ya maneno matano niliyoyaweka kwenye mabano: sauti ya mashine ya kusaga.

Nikamuuliza, hilo nalo lina shida gani?

Akaninyooshea kidole ng'ambo ya barabara. Senta yao yote ina mashine moja ya kusaga, na nyumba iliyo nyuma yake ni moja.